Kijuma wa Lamu: Fundi wa herufi aliyejua mahali pa kurembesha

Hebu fungua simu yako uangalie kadi ya mwisho uliyotumiwa kwenye WhatsApp. Ya harusi, ya koito, ya mchango, yoyote ile. Naweka dau majina yameandikwa kwa ile fonti ya mikia mirefu, utadhani mtu kaichora kwa kalamu ya wino.

Hapa Mulot huwa natengeneza kadi kama hizo, na kuna moja nilibugi vibaya. Kadi nzima ya koito niliiandika kwa fonti hiyo, tena herufi kubwa tupu. Mzee mmoja akaigeuza simu juu chini, kisha akaniuliza kama ni Kiarabu. Tulicheka, lakini swali lake lilinipeleka kusoma habari za mtu aliyeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kweli, na akairembesha bila kumpoteza msomaji.

Anaitwa Muhamadi bin Abubakari Kijuma. Wengine huandika Kijumwa. Alizaliwa Lamu yapata 1855 na akafariki 1945. Ukimsikia leo ungesema huyu msee ana 'hustle' ngapi? Alikuwa mshairi, mwimbaji, mpiga ala na mtu wa kutajwa kwenye mashindano ya ngoma na nyimbo za Lamu. Alichonga pia milango, ile ya mbao yenye nakshi ambayo watalii hawachoki kuipiga picha. Lakini kazi inayotuhusu hapa ni kalamu yake. Alikuwa mnakili: ukitaka utenzi uandikwe vizuri, unamwendea yeye.

Sasa elewa ugumu wa kazi hiyo. Herufi za Kiarabu hazikutengenezewa Kiswahili. Kiarabu hakina p, wala ch, wala v. Alama zake za irabu fupi ni tatu, sisi tuna irabu tano. Katika hati nyingi za zamani, herufi moja ya b ilibeba b, p na hata mb. Yaani paka na baka vinaweza kuandikwa sawasawa, na wewe msomaji ujijazie. Mtu wa Lamu aliyeujua utenzi tangu utotoni hakusumbuka. Mgeni angekwama mstari wa kwanza.

Na wateja wengi wa Kijuma walikuwa wageni. Alice Werner, mwalimu wa lugha za Kiafrika kutoka Uingereza, alifanya kazi naye. William Hichens pia alipata hati kwake. Mwaka 1936 Mjerumani Ernst Dammann na mkewe Ruth walikaa Lamu wakikusanya mashairi, na Kijuma ndiye aliyekuwa mtu wao. Kwa watu kama hao aliandika taratibu, akaweka alama za irabu, akaongeza alama za kutenganisha sauti ambazo Kiarabu hakizitofautishi. Urembo hakuuacha, bana. Aliupeleka kwenye kurasa za mwanzo na pembezoni, kwa nakshi ambazo ukizitazama unaikumbuka milango. Beti zenyewe alizipanga kwa nafasi, zisomeke.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Fonti za mapambo zinaiga mkono wa mwandishi: mstari mnene unapungua kuwa mwembamba, mkia unazunguka. Herufi kubwa imetengenezwa ianze neno, kisha ndogo ziifuate. Ukizipanga kubwa kumi pamoja, kila mkia unapigana na mwenzake. Basi jina la bibi harusi lipambe, jina la duka pia. Tarehe, mahali na namba ya kutuma mchango viandike kwa herufi za kawaida. Hakuna anayetuma pesa kwa namba asiyoweza kuisoma, hasa mitaa hii yetu ambapo kila mtu ameonywa kuhusu matapeli wa simu.

Lakini usidhani Kijuma alikuwa akitengeneza kadi nzuri tu. Alipokuwa akizeeka, shule na mitambo ya uchapishaji zilikuwa zimehamia herufi za Kirumi, hizi unazosoma sasa. Maandishi aliyojifunza utotoni yalikuwa yakikosa wasomaji wapya. Kila nakala aliyomaliza ilikuwa shairi moja limeokolewa. Kisa cha Fumo Liyongo, shujaa unayemjua kutoka darasani, tunakijua kwa sehemu kubwa kupitia utenzi ulioandikwa kwa mkono wa Kijuma mwaka 1913.

Kinachoniuma ni kwamba nyingi ya hati hizo haziko Lamu. Ziko London, katika chuo cha SOAS, na nyingine Ujerumani. Walioziomba walimlipa, na pengine bila wao zingeliwa na mchwa. Hata hivyo, kijana wa Lamu akitaka kuuona mwandiko wa babu yake inabidi autafute kwenye skrini. Habari njema ni kwamba SOAS imeweka hati zake nyingi za Kiswahili mtandaoni. Zitafute leo usiku badala ya kupakua fonti nyingine.

Ukizipata, angalia ukurasa wa mwisho. Kijuma alikuwa na desturi ya kuandika jina lake, kwamba kazi hii ni ya mkono wake. Kadi ile ya koito niliirudia bure. Sai kila kadi ninayotengeneza ina jina langu pale chini, dogo, kwa herufi za kawaida.