Maisha ya Padre William Jones wa Rabai

Katika taarifa hii ya mwaka tumeona vema kuwakumbusha wazee wetu na wanachama habari za Padre William Henry Jones, ambaye sisi wa bara twamtaja mara chache mno.

Alikuwa Myao. Alitekwa angali mtoto, akauzwa, kisha akaokolewa na manowari ya Waingereza na kupelekwa Bara Hindi, akasomeshwa na misheni karibu na Nasik. Mnamo 1864 alirejea Afrika, akaja Rabai kumsaidia Mzee Rebmann.

Mwaka 1885 Askofu Hannington alimpa ushemasi, yeye pamoja na Ishmael Semler. Julai ya mwaka huo huo wakafunga safari ya Uganda na wapagazi wapatao 200, wakapita Kikumbulyu na Ulu, katika nchi yetu hii. Huko Mumias Askofu alimwacha Jones na watu walio wengi, akatangulia na 50, akauawa Busoga mwezi Oktoba. Jones aliwarudisha waliosalia hata Rabai, wakafika Februari 1886. Naye alikuwa ameiandika safari ile siku kwa siku. Waliotunga maisha ya Askofu walilitegemea daftari lake.

Lakini jambo kuu kwetu ni habari za watoro. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na wakuu wa misheni walikataza wasipokewe, maana mabwana zao walikuwa wakitishia vita. Hata hivyo, hesabu ilipofanywa mwaka 1888, watoro walionekana kwa mamia chini ya ulinzi wa Jones, wamejenga, wanalima, wengine wanasoma. Wapo waliomlaumu kwamba hakuwatii wakubwa. Sisi twauliza: yeye aliyeuzwa utotoni angemrudisha nani minyororoni?

Mabwana wakadai mali yao. Ndipo Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza alipowalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawanywa pale Rabai. Waliokombolewa katika vituo vyote walizidi 1,400. Mackenzie amesifiwa sana kwa hayo, na ni haki yake. Ila kama Jones angaliwafukuza watu wale mlangoni, Mackenzie asingalikuta wa kuwakomboa.

Jones alifariki mwaka 1904. Sheria ya kuondoa utumwa katika pwani ya Kenya ilitoka mwaka 1907.