SAJENTI TAKÁCS: ALIBADILISHA MKONO, AKASUBIRI MIAKA KUMI

Leo naziweka siasa pembeni kidogo, zipo tu, wala hazikimbii. Nataka niwape stori ya mzee mmoja wa Hungaria aliyefariki 1976. Ila kwanza nianzie nyumbani, manake bila ya nyumbani nisingemjua.

Kila sikukuu mimi na mdogo wangu tulikuwa na ugonjwa mmoja: banda la puto. Mnalijua. Bunduki ya upepo iko mezani, unaikunja katikati mpaka ikubali, unachomeka kijirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaifunga, unalenga puto zilizobandikwa kwenye ubao hatua saba au nane mbele yako. Ndani hamna baruti hata chembe. Kuna springi inayosukuma pistoni, pistoni inaibana hewa, hewa inairusha risasi. Watu wanaidharau kwa sababu hiyo, eti mchezo wa watoto, lakini jicho la mtu haliiachi salama, kwa hiyo usimwelekezee mwenzio hata kwa utani.

Mimi nikipata puto nne kati ya kumi nilikuwa nashangilia. Dogo alikuwa anapata tisa, na mwenye banda anaanza kununa. Nilikuwa namuuliza siri ni nini, ananiambia nipumue nusu, nishikilie hapo, halafu niibane triga taratibu mpaka mlio unishtue mimi mwenyewe. Rahisi kusema!

Mwaka jana msumeno wa umeme ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia kwenye karakana ya seremala alikokuwa kibarua. Cha shahada na cha kati. Mwajiri alitoa nauli ya kwenda hospitali, mambo yakaishia hapo. Sikukuu iliyofuata dogo hakutoka ndani. Alisema kichwa kinamuuma. Sikumbishia.

Ndio nikaingia kwenye mtandao kutafuta kama kuna mtu duniani aliyewahi kupatwa na jambo la namna hii na bado akalenga. Nikamkuta Károly Takács (linatamkwa Kaaroi Takaach). Wengine mtakuwa mmeshaletewa stori yake kwa barua pepe au kwenye simu, ile yenye picha ya bastola na maneno ya kutia moyo chini yake. Mkono uliharibika, akajifunza wa pili, akashinda, mwisho. Uongo si uongo, lakini wameondoa nyama wakatuletea mfupa.

Takács alizaliwa Budapest tarehe 21 Januari 1910 na akawa mwanajeshi. Kufikia 1936 alikuwa miongoni mwa walenga shabaha bora kabisa wa bastola duniani. Mwaka huo Olimpiki ilifanyika Berlin. Hakwenda. Si kwamba alishindwa kwenye mchujo, la hasha. Alikuwa sajenti, na jeshi la Hungaria wakati ule liliruhusu maofisa tu kwenda kushindana. Sajenti hata awe na jicho la mwewe, anabaki kambini. Bwana wee! Mimi hapa ndipo stori ilinishika kooni, na ndipo hapo hapo wale wa picha na maneno matamu wanaporuka. Kabla mkono haujaguswa na kitu chochote, jamaa alikuwa ameshafungiwa mlango kwa sababu ya alama iliyo begani. Alikuwa na miaka 26.

Baada ya Berlin sheria ile ikaondolewa. Sasa macho yote yakawa kwa Olimpiki ya 1940. Mwaka 1938, wakiwa mazoezini jeshini, guruneti bovu likamlipukia mkononi. Mkono wa kulia, ule ule wa bastola, ukaharibika vibaya. Alikaa hospitali mwezi mzima.

Alipotoka alianza kufanya mazoezi kwa mkono wa kushoto, kimya kimya, bila kutangaza.

Naomba niwacheleweshe kidogo hapa, manake ukiambiwa alihamia mkono wa kushoto inasikika kama kuhamisha simu kutoka mfuko huu kwenda ule. Mchezo wake ulikuwa bastola ya kasi ya mita 25. Unasimama, unaishika bastola kwa mkono mmoja tu, mkono umenyooka, hauegemei kitu. Mbele yako kuna shabaha tano zimepangwa mstari, zimekupa ubavu. Zinageuka zote kwa pamoja, nawe ulikuwa umeuteremsha mkono, unaunyanyua na kuzipiga zote tano, kila moja risasi moja, kabla hazijageuka tena. Mara ya kwanza unapewa sekunde 8. Kisha 6. Kisha 4. Piga hesabu: risasi tano kwa sekunde nne ni chini ya sekunde moja kwa kila risasi, na ndani ya hiyo sekunde unahama kutoka shabaha moja kwenda nyingine.

Kidole kinachobana triga lazima kitembee peke yake huku vingine vinne vimetulia kama vimegandishwa. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa, hata na mausi ya kompyuta. Ihamishie kushoto, ubofye kwa kidole cha shahada bila mausi kusogea hata kidogo. Umeona? Halafu miguu nayo inabadilika, bega linabadilika, hata upande unaougeuzia uso unabadilika. Na jicho je? Kila mtu ana jicho moja linalotawala. Nyoosha mikono yako miwili, tengeneza kitundu katikati ya viganja, tazama kitu cha mbali kupitia hapo, kisha fumba jicho moja moja. Jicho ambalo kitu kinabaki nalo ndilo bosi. Mimi niligundua ukubwani kwamba bosi wangu ni la kushoto ilhali bunduki naiweka bega la kulia. Miaka yote ile ya puto nne nilikuwa namlaumu mwenye banda kwamba kaipinda bunduki yake! (Na pengine kweli kaipinda, sijamsamehe kabisa.)

Turudi Hungaria. Majira ya kuchipua ya 1939, yaani hata mwaka mmoja na nusu haujapita, Takács akatokea kwenye mashindano ya taifa ya bastola. Inasimuliwa kwamba wenzake walimfuata kumpa pole, wakamshukuru kwa uungwana wa kuja kuwatazama. Akawajibu kwamba kutazama hakumo, amekuja kushindana nao. Akawashinda. Mwaka huo huo alikuwa kwenye timu ya Hungaria iliyochukua ubingwa wa dunia huko Lucerne, Uswisi.

Ingekuwa sinema ingeishia hapo na muziki ungepigwa. Lakini Septemba 1939 vita kuu vya pili vikaanza. Olimpiki ya 1940 awali ilipewa Tokyo, Japani ikajitoa, ikapelekwa Helsinki, halafu ikafutwa. Ya 1944 ilipewa London, nayo ikafutwa. Ameshauponya mkono, ameshaufundisha mwingine, sheria ya usajenti haipo tena, na sasa mashindano yenyewe hayapo! Alikuwa na miaka 30 ya kwanza ilipofutwa, 34 ya pili. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 Budapest ilizingirwa, mapigano nyumba kwa nyumba, na Wajerumani wakayalipua madaraja yote ya mto Danube. Katika mji wa namna hiyo nani anaulizia medali?

Mimi naona huu ndio moyo wa maisha yake, si guruneti. Mkono ukiharibika kuna kitu cha kufanya kila asubuhi: unaamka, unaushika ule mwingine, unajaribu. Sasa vita unaifanyia mazoezi gani? Unabaki tayari tu, bila kujua tayari kwa ajili ya lini. Na usisahau kwamba huo ndio umri mtamu wa mwanamichezo.

Olimpiki ikarudi London, 1948. Takács ana miaka 38. Walenga shabaha walishindania kwenye viwanja vya Bisley, nje kidogo ya jiji. Aliyekuwa anaogopwa ni Muajentina Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente, bingwa wa dunia wa 1947. Inasimuliwa kwamba kabla ya shindano alimuuliza Takács amefuata nini London na ule mkono, naye akajibu kwamba amekuja kujifunza. Risasi 60, alama za juu kabisa 600. Takács akapata 580, rekodi mpya ya dunia. Yaani katika risasi sitini zote alidondosha alama 20 tu, kwa mkono ambao miaka kumi nyuma haukuwa wake wa kulengea. Muajentina alipata 571, medali ya fedha, na inasemekana alikuja kumpongeza kwa kumwambia kwamba masomo yake sasa yametosha. Mstaarabu huyo, nampa heko.

Kuna kitu kingine kilitokea siku ile ile Olimpiki hiyo ilipofunguliwa, tarehe 29 Julai 1948. Katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann alipanga mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde na mishale kwa askari 16 walioumia vitani, wanaume na wanawake, wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Kutokana na mbegu hiyo ndiyo ikaja kuota Paralimpiki. Takács hakupita njia hiyo, yeye alisimama kwenye mstari mmoja na wenye mikono yote miwili. Wala hakuwa Mhungaria wa kwanza wa namna yake. Olivér Halassy, aliyekatwa mguu chini ya goti, alishacheza mpira wa majini kwenye Olimpiki tatu na kurudi na dhahabu ya 1932 na ya 1936.

Ikafuata Helsinki 1952. Miaka 42. Hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, na ajabu mitandaoni hawausemi. Takács alikuwa pia mwalimu, na mmoja wa vijana aliowafundisha ni Szilárd Kun, mwenye miaka 17. Mwalimu akapiga 579. Mwanafunzi akapiga 578. Alama moja! Dhahabu na fedha zote zikaenda Hungaria, na Takács akawa mtu wa kwanza kutetea dhahabu ya bastola ya kasi ya Olimpiki. Nikajiuliza, mwalimu gani anamfundisha mtu mpaka anabakiza alama moja tu kati yao? Waalimu wengi ninaowafahamu wanaficha ufunguo mmoja mfukoni.

Sasa tazama ile miji. Olimpiki ya 1940 ilifutwa ikiwa mikononi mwa Helsinki, ya 1944 ikiwa ya London. Dhahabu zake mbili alizichukulia London na Helsinki. Alichonyimwa na vita alikwenda kukifuata mji kwa mji, kwa kuchelewa.

Alijaribu ya tatu, Melbourne 1956, akiwa na miaka 46. Wiki chache kabla, mizinga ya Kisovieti ilikuwa imeingia Budapest kuzima mapinduzi, na wanamichezo wa Hungaria walikwenda Australia wakiwa hawana uhakika na hali ya nyumbani. Wengi wao hawakurudi. Takács alimaliza wa nane. Alirudi, akaendelea kufundisha. Yule sajenti aliyekataliwa kwa cheo alipanda mpaka luteni kanali. Akafariki Januari 1976, wiki mbili na ushee kabla ya kutimiza miaka 66.

Hakuuwahi ule mchezo wa bunduki ya upepo ya mita 10, ambao uliingia Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles. Huko kumi kamili ni kidoa cha nusu milimita. Nukta tu! Ukiona bunduki ya upepo unasema ya watoto, hesabu hiyo kwanza.

Basi, nilichapisha yote haya kafe, kurasa tatu, nikampelekea dogo. Akasoma chap chap zile za medali. Ule ukurasa wa sajenti kunyimwa safari akausoma mara mbili, akacheka kwa mbali. Akaniuliza hivi hata Ulaya nako wapo hivyo? Nikamwambia walikuwepo. Hakusema kitu, zile kurasa akaziweka chini ya godoro.

Iddi iliyopita akaniambia twende. Tumefika bandani, mwenye banda akamtambua, akaanza kununa mapema kwa mazoea. Dogo akaichukua bunduki, akaiweka bega la kushoto, akaitoa, akaiweka tena, akahangaika na miguu yake weee mpaka watoto waliopanga foleni nyuma yetu wakaanza kuguna. Akapiga kumi. Akakosa zote kumi, hata ubao wenyewe alikuwa anaukosa.

Kisha akanyoosha mkono, ule wenye vidole vitatu, anadai hela ya raundi nyingine.