CELSIUS NA ALAMA YAKE JABALINI

Jina la Celsius tunalitamka kila tuingiapo maabara na kushika kipimajoto. Wengi huishia hapo hapo. Mimi nataka kuwasimulia habari yake nyingine, ambayo kwa maoni yangu inaishinda ile ya kipimajoto.

Anders Celsius alizaliwa Uppsala, nchini Uswidi, mwezi wa Novemba 1701. Ukoo wake ulikuwa wa wasomi watupu: babu zake wawili walikuwa maprofesa, na babake alifundisha elimu ya nyota. Mwaka wa 1730 naye akawa profesa wa elimu hiyo. Mwaka wa 1736 alifuatana na Wafaransa hadi kaskazini kabisa, wakapima na kuonyesha kwamba dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Hayo nayapita haraka.

Huko pwani ya Baltiki watu walikuwa wakinung'unika tangu zamani kwamba bahari inawakimbia. Bandari zilikuwa zikipungua kina. Mji wa Luleå ulihamishwa mwaka wa 1649 kwa sababu hiyo. Celsius alitaka namba, si porojo. Lakini namba za kale angezitoa wapi, na hakuna aliyekuwa amepima?

Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Alikwenda kuuliza habari za sili. Sili ni mnyama wa bahari za baridi, na watu walimwinda kwa ajili ya mafuta na ngozi. Hupenda kujilaza juu ya mawe yanayochomoza kidogo tu majini. Jiwe la namna hiyo lilikuwa mali: lilirithiwa, likauzwa, hata likatozwa kodi, na yote yakaandikwa. Jiwe likisha kuwa juu mno sili hawezi kulipanda, basi thamani yake imekwisha. Celsius alipata jiwe moja lililouzwa mwaka wa 1563, akalinganisha na hali yake ya wakati wake. Hesabu ikatoka: maji yalikuwa yameshuka zaidi ya sentimita 1 kila mwaka. Alizidisha kidogo, lakini kwa karatasi za kodi tu, si mchezo!

Isitoshe, mwaka wa 1731 alichongesha alama jabalini usawa wa maji, kisiwani Lövgrund karibu na mji wa Gävle, ili wajao wapime wenyewe. Baltiki haina kujaa na kupwa kama kwetu Mombasa, ambako maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3. Huko alama moja yatosha.

Mwaka wa 1743 alitangaza kwamba maji ya bahari yanapungua. Alidhani mengine hugeuka mvuke na mengine hunywewa na mimea, yakaishia kuwa udongo. Alifariki Aprili 1744 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 42 tu. Ati hata kipimajoto chake cha 1742 kilikuwa kichwa chini: 0 ndipo maji yachemkapo na 100 ndipo yagandapo! Kiligeuzwa baadaye.

Mwaka wa 1755 askofu Browallius aliandika kitabu kizima kumpinga. Lakini pingamizi kubwa zaidi ilitoka kwa maji yenyewe. Maji ya bahari moja yakipungua, sharti yapungue kila mahali. Mbona kaskazini mwa Uswidi yalishuka mbio, na kusini yakawa karibu palepale? Kumbe Celsius alikuwa kama abiria wa matatu anayeona miti ikikimbia. Bahari haikukauka, nchi kavu ndiyo iliyokuwa ikiinuka. Mwingereza Charles Lyell alikwenda kuitazama ile alama mwaka wa 1834, akasadiki. Mwaka wa 1865 Jamieson wa Scotland akaeleza sababu: zamani barafu nzito mno iliikandamiza nchi ile, na ilipoyeyuka ardhi ikaanza kuinuka polepole, kama godoro lililokaliwa na mtu mnene.

Namba za Celsius hazikuwa na kasoro kubwa. Maana yake ndiyo iliyompotea. Kipimo cha maji husema tu tofauti kati ya maji na ardhi kilipofungwa, kiwe cha Stockholm, ambako wamepima tangu 1774, au cha Mombasa, ambako rekodi inaanzia 1986. Mtu akiutazama mstari wa Stockholm ukishuka, akadai kuwa bahari haipandi, atakuwa amesahau godoro. Ndiyo sababu wataalamu wa tabianchi hupima pia mwendo wa ardhi, na tangu 1993 wanaitazama bahari kwa setilaiti. Setilaiti zinaonyesha kwamba bahari za dunia zinapanda zaidi ya milimita 3 kwa mwaka. Stockholm ardhi huinuka kama milimita 5, kwa hiyo bado inaishinda bahari, lakini kwa kidogo. Kusini kabisa, jimbo la Skåne, ambako ardhi karibu haiinuki, maji yameshaanza kuila pwani.