Seldinger: Tabibu wa Uswidi aliyeipitia mishipa ya damu kwa waya

MADAKTARI wa pembe zote za dunia hulitaja jina lake karibu kila siku, wakiwa wamevaa barakoa na glavu, ilhali wengi wao hawajui alizaliwa wapi wala alikuwa mtu wa namna gani. Wagonjwa nao, ambao ndio waliofaidi zaidi, aghalabu hawajapata kulisikia kamwe.

Jina lenyewe ni Sven-Ivar Seldinger, mtaalamu wa eksirei kutoka Uswidi, aliyevumbua mwaka wa 1952 njia nyepesi ya kuingiza mrija ndani ya mshipa wa damu bila kumpasua mgonjwa. Kiini cha uvumbuzi wake kilikuwa waya mwembamba. Waya huo umeokoa watu wasiohesabika. Hata hivyo, waya huo huo ukiachiliwa na mkono wa daktari kwa muda mfupi tu, unaweza kupotelea mwilini mwa mgonjwa na kumletea balaa.

Seldinger alizaliwa Aprili 19, 1921 huko Mora, mji mdogo wa jimbo la Dalarna ambao sifa zake zilienea kwa sababu ya mafundi wake wa visu na saa. Jamaa zake walikuwa wamemiliki karakana ya ufundi mitambo mjini humo kwa vizazi kadhaa. Hivyo, kijana huyo alikulia miongoni mwa watu walioamini kwamba kila tatizo lina kifaa chake, na kwamba kifaa bora ni kile kisicho na mambo mengi.

Hakuirithi karakana. Mwaka wa 1940, wakati Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiitetemesha Ulaya, alijiunga na Taasisi ya Karolinska jijini Stockholm kusomea udaktari. Alihitimu mwaka wa 1948, kisha akachagua taaluma ya eksirei.

Ili kuelewa alichokifanya, ni vyema kwanza tuone hali aliyoikuta. Picha ya eksirei huonyesha mifupa barabara, lakini mishipa ya damu haionekani mpaka iingizwe dawa maalumu. Nchini Ureno, Egas Moniz alikuwa amefaulu kupiga picha za mishipa ya ubongo mwaka wa 1927. Miaka miwili baadaye, mwenzake Reynaldo dos Santos alipiga picha za mshipa mkuu wa tumboni. Mwaka huo huo wa 1929, kijana Mjerumani Werner Forssmann alijipenyeza mrija kupitia mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akaenda kwa miguu kupigwa eksirei. Wakuu wake hawakufurahishwa, lakini mwaka wa 1956 alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Pamoja na ushujaa huo wote, tatizo moja lilibaki. Daktari aliyetaka kuufikisha mrija, yaani katheta, mahali fulani ndani ya ateri alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilikuwa na dosari. Ya kwanza ilikuwa kuipasua ngozi, kuutafuta mshipa na kuutoboa kwa kisu. Ya pili ilikuwa kutumia sindano nene ya kuweza kupitisha katheta ndani yake. Sindano kama hiyo iliacha tundu kubwa kuliko mrija wenyewe, na damu ikavuja kandokando. Wagonjwa waliumia, na madaktari wengi waliamua kuiepuka kazi hiyo.

Seldinger alijaribu mbinu hii na ile. Alitoboa katheta ubavuni ili aipenyeze pamoja na sindano, lakini haikufaa kwa sababu mrija wa plastiki ulikuwa laini mno. Alijaribu kuupa nguvu kwa waya, na hapo pia hakufaulu. Siku moja alijikuta amesimama akiwa amekata tamaa, ameshika vitu vitatu mkononi: sindano, waya na katheta. Ghafla akauona mpangilio unaofaa. Baadaye alipoulizwa kuhusu siku hiyo hakujigamba. Alieleza tu kwamba alikuwa amepatwa na kishindo cha akili ya kawaida.

Mpangilio wenyewe ni huu. Sindano nyembamba hutoboa mshipa. Waya unaonyumbulika hupitishwa ndani ya sindano mpaka uingie mshipani. Kisha sindano huondolewa na waya hubaki. Katheta huvishwa juu ya waya na kusukumwa ndani, ikifuata njia ambayo tayari imefunguliwa. Mwishowe waya hutolewa, na katheta hubaki peke yake. Tundu lililobaki kwenye mshipa ni la ukubwa wa katheta yenyewe, na hakuna haja ya kisu.

Alikuwa na umri wa miaka 31. Aliwaeleza wenzake habari hiyo katika kongamano la wataalamu wa eksirei wa nchi za kaskazini lililofanyika Helsinki mnamo Juni 1952, na mwaka wa 1953 makala yake ikachapishwa katika jarida la Acta Radiologica. Ilikuwa makala fupi iliyoandikwa kwa lugha ya ufundi bila madaha.

Mtu angedhani kwamba milango yote ya chuo ingefunguka mbele yake. Sivyo ilivyokuwa. Alipofikiria kuutumia uvumbuzi huo kuwa msingi wa tasnifu yake ya udaktari wa falsafa, mkuu wake alimwambia kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo mno. Seldinger hakubishana. Aligeukia utafiti mwingine kuhusu kupiga picha za mirija ya nyongo kwa sindano inayopitia ini, na tasnifu hiyo ndiyo aliyoitetea mwaka wa 1966. Kufikia wakati huo, jambo lile dogo lilikuwa limekwisha kuenea hospitalini duniani kote.

Waliolipokea walilipeleka mbali kuliko yeye mwenyewe alivyotarajia. Mnamo Januari 1964 huko Portland, Marekani, daktari Charles Dotter alipitisha waya na katheta ndani ya ateri ya mguu wa mwanamke wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu. Akaipanua ateri iliyoziba, na mguu ukapona. Mwaka wa 1977 jijini Zurich, Andreas Grüntzig aliifungua mishipa ya moyo wa mgonjwa aliye macho kwa kutumia kibofu kidogo kilichowekwa kwenye ncha ya katheta. Katheta zinazowekwa shingoni, kifuani au kwenye kinena kwa wagonjwa mahututi nazo huingizwa kwa mpangilio ule ule. Hapa Kenya, mgonjwa wa figo anayehitaji kusafishwa damu kwa mashine kwa dharura huwekewa katheta ya aina hiyo, japo jina la Seldinger halitajwi mbele yake.

Lakini kila chombo kina hatari yake. Mpangilio wa Seldinger una hatua moja ambayo usalama wote wa mgonjwa umeitegemea: wakati katheta inaposukumwa ndani, mkia wa waya ni lazima uwe umechomoza upande wa nyuma wa katheta na kushikwa kwa vidole. Ndiyo sababu waya hutengenezwa ukiwa mrefu kuliko katheta. Daktari akisukuma katheta kabla hajauona mkia huo, atausukuma na waya pamoja nayo. Damu itaupokea na kuubeba kuelekea moyoni.

Waya ulioachwa ndani unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kusababisha damu kuganda, kutoboa ukuta wa mshipa au kuleta maambukizi. Kuna wagonjwa walioishi nao miezi, hata miaka, kabla ya picha iliyopigwa kwa sababu nyingine kuufichua. Mara nyingi anayekosea si mtu mzembe. Ni daktari anayeifanya kazi hiyo usiku wa manane, mgonjwa akiwa taabani, simu ikilia, muuguzi akiuliza swali, au mwanafunzi asiyesimamiwa. Anavutwa akili kwa dakika moja tu, na dakika hiyo inatosha.

Tatizo hilo lilionekana mapema. Mwaka wa 1964 madaktari wa Marekani waliripoti jinsi walivyokitoa kipande cha waya kilichokatikia ndani ya moyo bila kumfungua mgonjwa kifua. Mwaka wa 1971, Dotter na wenzake walikusanya visa 29 vya vipande vya katheta na nyaya vilivyotolewa moyoni na kwenye mishipa mikubwa kwa njia kama hiyo. Ajabu ni kwamba ili kuutoa waya uliopotea, daktari hutoboa mshipa wa kinena, akapitisha waya mwingine, akavisha katheta, kisha akatumia kitanzi kidogo kuunasa ule wa kwanza. Dawa ya ajali iliyotokana na mbinu ya Seldinger ikawa mbinu ya Seldinger.

Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba. Wanaofundisha kazi hii leo husisitiza mambo machache. Waya usiachwe mkono hata mara moja tangu uingie hadi utoke. Katheta isisukumwe mpaka mkia wa waya uonekane na kushikwa. Waya usiingizwe kina kupita kiasi, kwa maana ukigusa moyo huvuruga mapigo yake. Kazi ikiisha, waya uonyeshwe kwa msaidizi, naye aandike katika rekodi kwamba umetoka mzima. Ikiwa damu hairudi katika mmoja wa mirija ya katheta, au maji ya chumvi yanakataa kupita, daktari ashuku mara moja. Tena picha ya eksirei inayopigwa baada ya kazi itazamwe kwa makini, kwa kuwa zipo nyaya zilizoonekana wazi pichani na macho yakazipita.

Nchini Uingereza, huduma ya afya ya umma huihesabu ajali hii miongoni mwa makosa yasiyopaswa kutokea kamwe. Wataalamu wa huko wamebuni hata kisanduku kinachofungwa, ambamo huwekwa sindano ya kushonea na bandeji ya kumalizia kazi. Ufunguo wake ni waya wenyewe. Asiyeutoa waya mwilini hawezi kukifungua, na kwa hivyo hawezi kumaliza kazi akiwa amesahau. Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini hii ni ajali yenye kinga, na kinga yenyewe ni nafuu.

Seldinger mwenyewe hakubaki jijini kufuata ukubwa. Mwaka wa 1967 alirejea kwao Mora akawa mkuu wa idara ya eksirei katika hospitali ya mji huo, na hapo akafanya kazi mpaka alipostaafu mwaka wa 1986. Wakati vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani vikigombea nani atakuwa wa kwanza kufika wapi ndani ya moyo, mwenye ufunguo alikuwa akisoma picha za wakulima na wakata miti wa Dalarna.

Heshima zilimfuata huko huko. Mwaka wa 1975 Chuo cha Tiba cha New York kilimtunuku, na mwaka wa 1984 Chuo Kikuu cha Uppsala kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Tuzo ya Nobel hakuipata. Alifariki Februari 21, 1998 katika jimbo lake la Dalarna, akiwa na umri wa miaka 76.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mkuu wa Seldinger aliudharau uvumbuzi wake akauona mdogo, na historia ikamsuta. Daktari anayeudharau waya na kuuachilia kwa kudhani utajitunza wenyewe, hurudia kosa hilo hilo kwa namna nyingine, na anayeumia ni mgonjwa. Mtoto wa karakana ya Mora aliuachia ulimwengu mpangilio wa hatua chache, na hatua ya mwisho haina budi kutimizwa kila mara: waya hutoka.