Aliyelinda Mbegu Akafa kwa Njaa



Jaribu kubwa la mkulima mwenye njaa ni kula mbegu. Ndiyo maana bibi zetu waliyaning'iniza mahindi ya mbegu juu ya moshi wa jiko, yasibunguliwe, na hata chakula kilipokwisha hakuna aliyethubutu kuyagusa. Leo nakualika umkumbuke mtu aliyefanya kazi hiyo ya bibi zetu kwa ajili ya dunia nzima: Nikolai Vavilov, mtaalamu wa mimea wa Urusi.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887, katika nchi iliyoijua njaa. Njaa ya mwaka 1921 ilipoua mamilioni, yeye alikuwa mwalimu wa kilimo aliyekwisha kuamua kwamba dawa yake ni mbegu bora. Alizitafuta katika nchi nyingi. Alipita Afghanistan, China, Mexico na Amerika ya Kusini. Mwaka 1927 alifika Ethiopia, ambako Ras Tafari, aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, alimpokea. Aligundua kuwa Ethiopia ni mojawapo ya vitovu vya mazao ya dunia. Kufikia mwaka 1940 taasisi yake mjini Leningrad ilihifadhi sampuli za mbegu karibu 250,000.

Kisha akaja Trofim Lysenko, ambaye Vavilov mwenyewe alimuunga mkono mwanzoni. Lysenko alimwahidi Stalin mavuno ya haraka, akazikana sheria za urithi zilizogunduliwa na padre Mwaugustino, Gregor Mendel. Vavilov alijua kwamba sheria hizo ni kweli, naye hakukubali kuzikana. Mwezi Agosti 1940, akiwa safarini Ukraine kukusanya mimea, alikamatwa. Akashtakiwa kwa ujasusi na kuhujumu kilimo, akahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha miaka 20. Gerezani aliwafundisha wafungwa wenzake habari za mimea. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki katika gereza la Saratov, mji aliowahi kuwa profesa wake. Njaa ndiyo iliyomdhoofisha hadi kufa.

Wakati huohuo Leningrad ilikuwa imezingirwa na jeshi la Ujerumani, na watu walikufa kwa njaa kwa maelfu. Ndani ya taasisi ya Vavilov kulikuwa na mchele, ngano, mahindi na karanga. Wafanyakazi wake walizilinda mbegu hizo dhidi ya panya, baridi na wezi, na wao wenyewe hawakuzila. Baadhi yao walikufa hapo hapo kazini. Dmitri Ivanov, mtunza mpunga, alikufa kwa njaa huku akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mpunga.

Msomaji wangu, simweki Vavilov katika orodha ya watakatifu. Hiyo ni kazi ya Mungu na Kanisa lake. Lakini tunapoisikia Injili ya punje ya ngano inayozikwa ardhini ili izae, tunaisikia kwa haraka mno, kana kwamba punje haiumii. Vavilov hakuyaona mavuno. Jina lake lilisafishwa mwaka 1955, miaka 12 baada ya kifo chake, na taasisi inayoitwa kwa jina lake ingali inatunza mbegu hadi leo.

Nasi tumekabidhiwa mbegu. Ada ya mtoto iliyowekwa akiba ni mbegu. Shamba la ukoo ni mbegu. Imani tuliyopokea kwa wazazi wetu ni mbegu pia, na wajukuu wetu wanaihitaji. Shida ikibana, tunauza shamba kwa sherehe ya siku moja, au tunasema uongo kidogo ili tubaki kazini. Kabla hujafungua mkono wiki hii, jiulize: hiki ninachotaka kula ni chakula changu, au ni mbegu ya mtu ambaye bado hajazaliwa?

Nakutakia Dominika njema.