John Mitchell: Meneja wa kampeni ya Nixon aliyetoka Wizara ya Sheria akaishia gerezani

JUNI 22, 1977, mzee wa miaka 63 aliyezoeleka kuonekana na kiko mdomoni aliingia katika gereza la shirikisho lililoko ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Maxwell, mjini Montgomery, Jimbo la Alabama, kuanza kutumikia kifungo. Miaka sita kabla ya siku hiyo, gereza hilo pamoja na mengine yote ya serikali ya shirikisho yalikuwa chini ya wizara aliyoiongoza yeye mwenyewe.

Mzee huyo alikuwa John Newton Mitchell, Mwanasheria Mkuu wa Marekani kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 na meneja wa kampeni mbili za urais za Richard Nixon. Hakuna Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo aliyewahi kufungwa kabla yake, na hadi leo hajatokea mwingine.

Mitchell hakuwa mwanasiasa wa majukwaani. Alizaliwa Septemba 15, 1913 mjini Detroit, akakulia New York, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Fordham na kuhitimu mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumika kama ofisa wa jeshi la majini. Baada ya hapo alijenga jina na utajiri katika kazi isiyojulikana sana na watu wa kawaida, nayo ni uwakili wa hati fungani, yaani mikopo ambayo majimbo na miji huchukua ili kujengea nyumba, shule na hospitali.

Katika kazi hiyo ndipo ulipoonekana ustadi wake. Katiba ya Jimbo la New York ilitaka wapiga kura waulizwe kabla ya jimbo kujifunga kwa deni. Mwaka 1960, enzi za Gavana Nelson Rockefeller, Mitchell alibuni aina ya hati fungani ambayo jimbo halikulazimika kisheria kuilipa, bali lilikuwa na wajibu wa kimaadili tu, na kwa hiyo kura ya wananchi haikuhitajika. Jambo hilo lilikuwa halali kabisa. Hata hivyo, linaeleza mengi kuhusu mtu aliyekuwa hodari wa kutafuta njia ya kuuzunguka ukuta bila ya kuubomoa.

Alikutana na Nixon mwanzoni mwa mwaka 1967, pale kampuni zao za uwakili zilipoungana mjini New York. Nixon alikuwa ameshindwa urais mwaka 1960 na ugavana wa California mwaka 1962, na wengi walikwisha kumzika kisiasa. Katika Mitchell alimwona mtu mkimya, asiyetetemeka, anayejua wakubwa wa majimbo kwa sababu alikuwa amewaandalia mikopo yao. Mwaka 1968 alimkabidhi kampeni yake. Wimbo wa kampeni hiyo ulikuwa utulivu na utii wa sheria, nao uliwaingia Wamarekani waliochoshwa na ghasia za mijini na vita ya Vietnam. Nixon alimshinda Hubert Humphrey wa chama cha Democratic kwa takriban kura nusu milioni tu kati ya zaidi ya milioni 70.

Zawadi ya Mitchell ilikuwa Wizara ya Sheria. Kwa ombi la Nixon, shirika la upelelezi la FBI halikufanya uchunguzi wa maisha yake kama ilivyokuwa desturi kwa wateule wa ngazi hiyo.

Akiwa wizarani alikuwa sura ya mkono wa chuma. Mei 1971, polisi wa Washington walikamata maelfu ya waandamanaji waliopinga vita, wengi wao bila ya mashtaka yaliyoweza kusimama mahakamani, na Mitchell aliwasifu. Mwezi uliofuata alikwenda mahakamani kuzuia gazeti la New York Times lisiendelee kuchapisha nyaraka za siri za Wizara ya Ulinzi kuhusu Vietnam, akashindwa katika Mahakama Kuu ya nchi kwa kura sita dhidi ya tatu. Alidai pia kuwa serikali ina haki ya kunasa mazungumzo ya simu ya raia wanaodhaniwa kuwa hatari kwa usalama wa nchi, bila ya kibali cha hakimu. Majaji wanane waliosikiliza shauri hilo walilikataa dai hilo kwa kauli moja Juni 19, 1972. Kwa wakati huo Mitchell alikuwa na balaa jingine mikononi, nalo lilikuwa na umri wa siku mbili.

Balaa hilo lilianzia ofisini kwake. Januari 27, 1972, akiwa bado Mwanasheria Mkuu lakini tayari akisimamia chinichini kampeni ya Nixon ya kuchaguliwa tena, alipokea wageni watatu: John Dean, mwanasheria wa Ikulu, Jeb Magruder, naibu katika kamati ya kampeni, na Gordon Liddy, mwanasheria wa kamati hiyo aliyewahi kuwa askari kanzu wa FBI. Liddy alisimamisha michoro yake na kueleza mpango wa dola milioni moja. Ndani yake mlikuwamo kuwateka viongozi wa maandamano na kuwapeleka Mexico, kutumia makahaba kuwanasa wanasiasa wa Democratic, kuvunja ofisi na kutega vifaa vya kunasia sauti.

Hapo pana swali lililomwandama Mitchell hadi kaburini. Mlinzi mkuu wa sheria wa taifa alielezwa uhalifu mezani pake, ndani ya Wizara ya Sheria, naye hakuita polisi wala hakumfukuza mtu kazi. Alichosema, kwa ushahidi wa waliokuwapo, ni kwamba huo sio aliokuwa akiutaka na kwamba gharama ni kubwa mno. Liddy alirudi Februari 4 na mpango wa nusu ya fedha hizo, ukakataliwa tena. Mwaka 1973, mbele ya kamati ya Baraza la Seneti, Mitchell alikiri kwamba, akitazama nyuma, angepaswa kumtupa Liddy nje kupitia dirishani.

Machi 1972 aliacha uwaziri na kuongoza kampeni waziwazi. Machi 30, huko Key Biscayne, Florida, mpango ulifika kwake kwa mara ya tatu, sasa ukiwa wa dola 250,000. Magruder alisema Mitchell aliuidhinisha. Mitchell alikana siku zote, na Fred LaRue, msaidizi aliyekuwapo, hakuthibitisha madai ya Magruder.

Juni 17, 1972, polisi waliwakamata watu watano ndani ya ofisi za makao makuu ya Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Mmoja wao, James McCord, alikuwa mkuu wa usalama wa kamati ya Mitchell. Mitchell, aliyekuwa California, alitoa tamko kwamba watu hao hawakutumwa na kamati. Tangu hapo kazi ikawa kuficha. Fedha taslimu, zaidi ya dola 400,000 kwa jumla, zilipita mikononi mwa wajumbe hadi kwa washtakiwa na mawakili wao ili midomo ibaki imefungwa.

Aliyeumia mapema kuliko wote alikuwa mkewe, Martha, mwanamke wa Arkansas mwenye kauli za wazi aliyependa kuwapigia simu waandishi wa habari. Mumewe alimwacha katika hoteli ya Newport Beach, California, chini ya uangalizi wa mlinzi. Martha alipogundua kwamba McCord, mtu aliyekuwa akimlinda yeye na bintiye, ndiye aliyekamatwa, alimpigia simu mwandishi Helen Thomas wa shirika la UPI. Simu ilikatwa katikati ya mazungumzo. Baadaye alieleza kwamba mlinzi aling'oa waya, akazuiliwa chumbani na kudungwa sindano ya usingizi. Watu wa Nixon walieneza kwamba ni mlevi na amerukwa na akili. Mwaka 1975 McCord alithibitisha kwamba kweli alizuiliwa, lakini ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1973. Alifariki kwa saratani Mei 1976.

Mitchell alijiuzulu umeneja Julai 1, 1972, akitaja sababu za familia. Novemba, Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50. Ushindi ambao, kwa kipimo chochote, haukuhitaji kuvunja mlango wa mtu.

Aprili 14, 1973, wakati ukuta ukianza kupasuka, aliitwa Ikulu. John Ehrlichman, msaidizi wa Rais, alijaribu kumshawishi aubebe mzigo wote peke yake. Alikataa. Kanda za Ikulu zilionyesha baadaye kwamba wazo hilo lilikuwa limejadiliwa na Nixon mwenyewe.

Mashtaka yalimjia kwa zamu. Kwanza yeye na Maurice Stans, mwenyekiti wa fedha wa kampeni, walishtakiwa New York kwa madai ya kumsaidia Robert Vesco, mfanyabiashara aliyekuwa akichunguzwa na serikali, baada ya Vesco kuchangia dola 200,000 taslimu. Aprili 28, 1974, wote wawili waliachiwa huru. Wapo waliodhani Mitchell amepona.

Kesi ya Watergate mbele ya Jaji John Sirica ilikuwa nyingine. Mahakama Kuu ilikuwa imemwamuru Nixon atoe kanda zake, naye akajiuzulu Agosti 9, 1974; mwezi mmoja baadaye Rais Gerald Ford alimsamehe. Waliokuwa chini yake hawakupata msamaha huo. Januari 1, 1975, Mitchell alitiwa hatiani kwa kula njama, kuzuia mkondo wa haki na kusema uongo chini ya kiapo. Alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka miwili na nusu na minane, kikapunguzwa baadaye kuwa kati ya mwaka mmoja na minne. Leseni yake ya uwakili ilifutwa.

Alitoka gerezani Januari 19, 1979, baada ya miezi 19. Mwaka huohuo Nixon alimwandalia karamu nyumbani kwake San Clemente, California. Mitchell hakumlaumu hadharani. Mchapishaji alimlipa fedha za awali ili aandike kumbukumbu zake, lakini kitabu hicho hakikutoka.

Novemba 9, 1988 alianguka kwa mshtuko wa moyo akiwa kando ya barabara katika eneo la Georgetown, Washington, akafariki akiwa na miaka 75. Alizikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington, kwa utumishi wake wa jeshi la majini. Miongoni mwa waombolezaji alikuwapo Nixon.