Komredi wa Embu na Meru, Skiza Stori ya Mzee Jeremiah Nyagah Kabla HELB Iishe

Najua uko wapi saa hii. Uko kejani Ndagani, ama Nchiru, ama kwa ile bedsita yako ya Kangaru. Simu iko chaji, HELB iliingia juzi na tayari imeanza kupungua kimiujiza. Kesho kuna klasi ya saa moja asubuhi na ushaamua hauendi. Sikuhukumu. Mimi pia nilikuwa huko, na mbele kidogo nitakuambia vile iliniishia.

Lakini kwanza nipe dakika chache nikupigie stori ya msee mmoja wa hizi pande zetu. Anaitwa Jeremiah Nyagah. Kama wewe ni wa Mbeere, hilo jina umelisikia tangu ukiwa mtoto. Kama ulikuja tu kusoma, pengine uliliona kwa kibao cha ile taasisi ya kiufundi ya Mbeere iliyopewa jina lake, ukapita tu. Alikufa Aprili 2008, akiwa na miaka 87. Wengi wenu wakati huo mlikuwa mnavaa nepi ama mnalilia nasari.

Kijana wa Embu ya chini

Nyagah alizaliwa Novemba 1920 huko Mbeere. Unaijua Mbeere. Ukishuka kutoka Embu mjini, majani chai na baridi zinabaki nyuma, jua linaanza kukuchapa, unaona mbuzi, mawele, na siku hizi muguka kila mahali. Huo mwaka aliozaliwa ndio Waingereza waliigeuza Kenya kuwa koloni rasmi. Kwa hivyo huyu jamaa na koloni walikuwa marika. Tofauti ni kwamba yeye aliizika.

Masomo wakati huo yalikuwa ya misheni. Waanglikana walikuwa wamefika Embu 1910 na kujenga Kigari, ndiyo hiyo hiyo Kigari ya chuo cha walimu unayoijua. Ukitaka kusonga mbele ulikuwa unaaga nyumbani kabisa. Hakukuwa na mathree ya kukurudisha shags wikendi uchukue mahindi na pesa kidogo ya matha.

Nyagah alisonga. Mwishoni mwa miaka ya 30 aliingia Alliance, pale Kikuyu. Shule hiyo ilikuwa imefunguliwa 1926, na kijana Mwafrika aliyetaka sekondari hakuwa na milango mingi ya kubisha. Kutoka hapo akapanda hadi Makerere, Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 40, dunia ikiwa vitani.

Hapa nataka tutulie kidogo. Leo ukiwa Embu una chuo kikuu mlangoni. Ukipanda barabara ya Meru unakutana na Chuka. Songa tena uko Meru mjini, na MUST iko hapo tu Nchiru. Nyagah akiwa na umri wako, Kenya nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Makerere ilianza 1922 kama shule ya ufundi na vijana 14 tu, na kufikia wakati wake ndiyo ilikuwa chuo cha juu cha Afrika Mashariki yote. Waganda, Watanganyika, Wakenya, wote waligombania nafasi zile zile. Kutoka Embu waliofika huko mapema walikuwa wa kuhesabu, na yeye alikuwa mmoja wao.

Karatasi yake ilikuwa diploma

Sasa wewe unafikiri alitoka Makerere na digrii, gauni, kofia na picha ya familia. Hapana. Makerere ya wakati huo haikuwa inapeana digrii. Alitoka na diploma ya ualimu. Kama uko Meru National Polytechnic na kuna mtu wa chuo kikuu anakuangalia kwa madharau, hiyo sentensi ni yako, ibebe.

Kwa hivyo karatasi peke yake haiwezi kueleza kile kilimfikisha mbali. Ukiangalia maisha yake yote utaona kitu kingine, na hicho kitu ni cha kushangaza kidogo kwa mtu wa siku hizi. Ni skauti.

Usicheke. Najua ukisikia skauti unaona kaptula na skafu. Lakini skauti ilimwingia Nyagah akiwa kijana na haikutoka tena. Alikuwa mwalimu, akabaki skauti. Akawa mbunge, akabaki skauti. Akawa waziri mwenye bendera kwa gari, bado skauti. Kwa miaka mingi alikuwa kamishna mkuu wa skauti wa Kenya nzima, na skauti wa dunia walimpa Bronze Wolf, ambayo ndiyo tuzo yao ya juu kabisa. Hiyo haikuwa kazi ya mshahara. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusema yuko bize, alikuwa anapata muda wa kukaa na watoto wa watu kuwafunza kuamka mapema, kujipanga na kusaidia wengine bila kuitwa.

Sasa rudi kwa kampasi yako. Ile wiki ya kwanza mlipokuwa freshaz, klabu zote zilipanga meza, watu wakawaita muandikishe majina. Uliandika tatu. Ulienda mkutano mmoja, ukaona hakuna soda, ukahepa. Sivyo?

Msee aliyerudi darasani

Baada ya Makerere, Nyagah hakuzama Nairobi kutafuta ofisi. Alirudi kufundisha, na akafunza pia wale waliokuwa wanajifunza ualimu. Fikiria hiyo. Chaki kila siku, vijana wa mlimani na wa Mbeere, mshahara wa mwalimu Mwafrika chini ya mkoloni.

Halafu miaka ya 50, akiwa tayari mwalimu mwenye uzoefu, mtu mzima mwenye bibi na watoto, akarudi kuwa mwanafunzi. Safari hii ilikuwa Oxford, Uingereza, kusomea elimu zaidi. Wewe unasema umechoka kusoma na uko mwaka wa pili. Yeye alikuwa amepita miaka 30 na bado alikubali kukaa dawatini kuandika inshai za kusahihishwa na mzungu.

Na nyumbani hakukuwa shwari. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa. Embu, Meru, Kirinyaga, Nyeri, zote zilikuwa katikati ya vita vya Mau Mau. Watu walitolewa kwa maboma yao wakafungiwa kwa vijiji vya kulazimishwa. Muulize shosh yako kama bado yuko. Anajua.

Hapo ndipo siasa ilimpata. Machi 1957 Waafrika nane walichaguliwa kuingia baraza la kutunga sheria. Kati yao kulikuwa na Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, na jirani yetu Bernard Mate wa Chuka, mwalimu pia. Mwaka uliofuata viti sita viliongezwa. Kiti cha Nyeri na Embu kikamwendea Nyagah.

Nitakuwa muwazi hapa. Huo uchaguzi haukuwa wa kila mtu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, kupiga kura kulihitaji cheti cha kuonyesha mkoloni kwamba wewe si wa Mau Mau. Wengi walifungiwa nje. Kwa hivyo jamaa aliingia kupitia mlango ambao wenzake wengi walinyimwa. Alichofanya akiwa ndani ni kuungana na wale wengine kusukuma uhuru, na Januari 1960 alikuwa London kwenye mkutano wa Lancaster House, meza ile ambapo mkoloni alianza kukubali kwamba Kenya ni ya wenyewe.

Kwa hiyo meza alikuwa anajua kusoma karatasi ya serikali, kuibishia kwa hoja, na kukaa na mtu wa kabila lingine bila kumuogopa. Hayo mtu hakufunzwi siku moja. Unayazoea miaka mingi, ukikula meza moja na wageni. Alliance na Makerere zilikuwa zimemlaza bweni moja na vijana wa kila kona.

Miaka 34

Tangu 1958 hadi alipostaafu 1992, Nyagah alikaa kwa siasa za kitaifa. Miaka 34. Miaka ya 60 alishika Wizara ya Elimu, wakati Nairobi bado haikuwa chuo kikuu kinachojitegemea. Hiyo ilikuja 1970. Miaka ya 70, karibu yote, alikuwa Waziri wa Kilimo. Wewe wa University of Embu, hiyo ardhi unayotembea ukienda klasi ilianza 1947 kama chuo cha kufunza maafisa wa kilimo.

Hakuwa malaika, na sitaki kukuuzia malaika. Alihudumu chini ya Kenyatta na chini ya Moi, miaka ambayo watu waliwekwa kizuizini kwa kuongea. Hakuwa wa kupiga meza na kutoka nje. Kuna watu wanamheshimu kwa upole wake, na kuna wanaouliza huo upole ulisaidia nani. Maswali yote mawili ni halali, na wewe kama msomi una haki ya kuyauliza. Lakini nyumba yake ilizoea kazi ya umma. Joe na Norman walifika bunge, na binti yake Mary Khimulu akawa balozi wa Kenya UNESCO.

Sasa yangu

Nilikuahidi. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, hizi hizi pande za mlima. Chuo sikitaji kwa sababu hakina makosa. Makosa ni yangu.

Siku zangu zilikuwa hivi. Asubuhi nalala. Mchana niko besi na mbogi, muguka mdomoni, karanga mfukoni, tunabishana kuhusu mechi. Jioni nabeti. Kazi ya grupu nilikuwa naandikwa jina tu. Hakuna klabu, hakuna leki hata mmoja aliyejua jina langu, hakuna mtu wa ofisini niliyewahi kumsalimia. Nilijiambia nitajipanga semista ijayo. Semista ijayo ikawa ni wimbo.

Halafu mwaka wa tatu mzae akaugua, karo ikakwama, arieya zikapanda. Sikufanya mitihani. Nikafunga keja usiku nikaenda. Miezi baadaye nikakutana na komredi tuliyekuwa klasi moja, naye karo ilikuwa imemkwama kuniliko. Yeye alikuwa kwa kwaya na alikuwa mwakilishi wa klasi. Leki wake alimpeleka kwa mlezi wa wanafunzi, akaonyeshwa fomu ya kuahirisha masomo, akaandikiwa barua ya basari. Akarudi, akamaliza. Hiyo fomu ilikuwa wazi kwangu pia. Sikujua iko. Na sikuwa na mtu wa kuuliza.

Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo, kuliko hata pesa niliyochoma kwa mikeka. Hakuna mtu alinifukuza. Nilipotea tu, na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananijua.

Ndiyo maana nilipoanza kusoma maisha ya Nyagah nilikwama kwa skauti na si kwa uwaziri. Chuo kitakupa karatasi ukifaulu mitihani. Watu na tabia, hizo lazima uinuke kitandani uzifuate mwenyewe. Yeye alizifuata akiwa na diploma tu, mbali na nyumbani, na zikambeba miaka zaidi ya 60.

Kwa hivyo fanya hivi, komredi. Chagua kitu kimoja nje ya klasi, si vitatu. Kwaya, mjadala, skauti, Msalaba Mwekundu, mpira, kupanda miti Njukiri, chochote. Nenda hata siku haina soda. Jifunze jina la leki mmoja na uhakikishe anajua lako. Uliza ofisi ya wanafunzi iko wapi ukiwa bado huna shida. Keti na mtu ambaye lugha ya nyumbani kwao huijui. Jaba itakungoja, hiyo haiishi, inatoka hapo tu Kiritiri.

Na hiyo klasi ya saa moja kesho? Weka alamu. Mimi ningelipa pesa kuwa nimechelewa kuingia hiyo klasi.